Doa Kando ya Nyota

Kwa miaka thelathini na miwili kazi ya Ayuma ilikuwa kutazama. Kiwanda kilikuwa mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka nyumbani kwake Lucky Summer, nacho kilifuma vitambaa vya sare za shule na mashuka ya hospitali. Mwisho kabisa wa mitambo yote palikuwa na meza ya kioo iliyowashwa taa chini yake. Majora ya kitambaa yalipita juu ya kioo kile polepole, naye Ayuma alisimama mbele yake tangu saa mbili asubuhi. Akiona uzi uliokatika, au fundo, au tone la mafuta ya mashine, alikanyaga pedali, kitambaa kikasimama, akatia alama ya chaki. Kisha aliachilia pedali na kitambaa kikaendelea na safari yake. Akiwapa kisogo, wafumaji walimwita Polisi.

Aliyemfundisha kazi hiyo alikuwa Mzee Wakoli, mkaguzi mkongwe aliyekuwa karibu kustaafu Ayuma alipoajiriwa mwaka 1986. Ayuma alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, ndiyo kwanza amekuja Nairobi kutoka Khayega kumfuata mumewe Kweyu, dereva wa lori. Siku ya kwanza alikodolea kitambaa macho mpaka yakamtoka machozi, na bado madoa yakampita.

"Usiitafute kasoro," Mzee Wakoli alimwambia. "Ukiitafuta sana utaiona hata pasipo. Wewe kitazame kitambaa kizuri mpaka ukizoee kama sauti ya mama yako. Kasoro ikija itajitaja yenyewe."

Alimfundisha pia kurudi nyuma hatua mbili na kuinamisha kichwa, kwa maana doa hafifu halionekani na mtu aliyeliinamia kwa karibu. Na jambo la tatu alilirudia karibu kila wiki: "Kabla hujatia chaki, acha kitambaa kisogee kidogo. Doa likisogea nacho, ni la kitambaa. Likibaki palepale, huo ni uchafu wa taa. Panguza kioo chako, usimtie mfumaji hatiani bure."

Mzee Wakoli alistaafu, akarudi kwao Webuye, akafa. Kweyu naye alifariki, akamwachia Ayuma mtoto mmoja, Andati, ambaye alisoma, akapata kazi Eldoret. Meza ya kioo ilibaki. Mwaka 1998 pakaongezwa meza ya pili kando yake, na mbele ya meza ile akawekwa binti wa Kikamba kutoka Mwala, Mbinya Ndeti. Ayuma alimfundisha kila alichofundishwa, maneno ya Mzee Wakoli yakiwa yaleyale bila hata koma kupungua. Kwa miaka ishirini wanawake wale wawili walisimama bega kwa bega, kila mmoja macho yake kwenye kitambaa, wakizungumza bila kutazamana. Mbinya alijua habari zote za Andati. Ayuma alijua habari zote za binti wa Mbinya, Wavinya, hata na nguo alizokataa kuvaa.

Mwaka 2017 Ayuma alianza kupanguza kioo cha meza yake mara nyingi kuliko kawaida. Alidhani taa imechakaa. Akaomba ibadilishwe, ikabadilishwa, ukungu ukabaki. Basi akajua kuwa ukungu ule haukuwa wa kioo. Akafunga mdomo. Alikuwa amebakisha miezi minane astaafu, na mkaguzi asiyeona vizuri hawekwi hata wiki moja. Akajiambia kuwa uzoefu wa miaka thelathini na miwili utamshika mkono pale jicho litakaposhindwa, na ilionekana kweli kwamba umemshika. Siku ya kuagwa, Agosti 2018, msimamizi alisoma barua mbele ya wafanyakazi wote: katika mwaka mzima, hakuna jora hata moja lililopita mikononi mwa Ayuma lililorudishwa na mnunuzi. Wakampigia makofi, wakampa chupa ya chai na leso mbili. Barua ile aliitia fremu, akaitundika sebuleni juu ya televisheni.

Mwaka uliofuata ukungu ukawa blanketi. Alimwaga chai nje ya kikombe. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo kwa heshima tu, maneno akiyatoa kichwani. Aliyekuwa akimtazama kwa wasiwasi ni Winny, binti wa kaka yake, mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari huko Umoja, aliyekuja kukaa naye alipopata kazi Nairobi. Winny alimwita Senje, kama Waluhya wanavyomwita dada ya baba.

"Senje, huo ni mtoto wa jicho," alimwambia. "Unatolewa. Si kitu cha kuogopa."

"Ni uzee. Uzee nao unatolewa?"

Lakini mwezi wa kumi madaktari wa macho walipiga kambi katika uwanja wa kanisa lao, na Winny akamshika mkono hadi kwenye foleni. Kutoka pale alipelekwa hospitalini, akafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, na baada ya miezi mitatu la kushoto. Asubuhi ile walipomfungua bandeji ya pili, Ayuma alikaa kitandani akageuza kichwa polepole. Rangi nyeupe ilikuwa nyeupe. Alikuwa amesahau kwamba huwa hivyo, kwamba shuka ya hospitali haina manjano ndani yake. Aliishika, akaivuta karibu, akaisogeza mbali, akasema, "Hii imefumwa na watu wanaojua kazi." Kisha akamgeukia Winny.

"Kumbe una chunusi hivyo?"

Winny akacheka huku analia. Ayuma alimwomba muuguzi amwitie daktari, na daktari alipokuja, mama huyo akaishika mikono yake yote miwili, akasema "Mungu akuweke, mwanangu. Mungu akuweke." Daktari alikuwa na wagonjwa wengine kumi na wawili siku hiyo, lakini alisimama pale mpaka mama akamwachilia mwenyewe.

Baada ya hapo Ayuma alikuwa na njaa ya kuona. Alihesabu matundu ya pazia. Alisoma maandishi madogo ya nyuma ya pakiti za unga. Alikaa barazani akimwambia jirani kwamba kanga yake ina mshono uliopinda, na jirani hakufurahi. Winny aliona kuwa jicho lile likikosa kazi litawagombanisha na majirani wa ploti nzima.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana alimkalisha mezani, akampa tarakilishi yake ndogo.

"Senje, njoo unisaidie kitu. Kuna darubini kubwa inapiga picha za anga lote, picha nyingi mno, wataalamu hawawezi kuzitazama zote. Wanaomba watu wa kawaida wawasaidie, popote walipo. Mimi hufanya na wanafunzi wangu wa klabu ya sayansi. Wewe unaonyeshwa picha, unajibu maswali mawili matatu. Hiki ni duara? Kina mikono? Kuna kitu cha ajabu?"

"Mikono ya nani?"

Winny alicheka, akamweleza. Vile vidoa vya nuru havikuwa nyota. Kila kimoja kilikuwa galaksi, yaani mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, ulio mbali kiasi kwamba wote unaonekana kama tone. Nyingine zina mikono iliyojizungusha kama maji yanayoingia kwenye shimo la sinki. Nyingine ni mviringo mtupu.

Ayuma alitazama picha ya kwanza kwa muda mrefu. Uwanja mweusi, nukta nyeupe, vumbi la nuru huku na huku. Akairudisha tarakilishi nyuma kwa urefu wa mkono, akainamisha kichwa.

"Hiki ni kitambaa," alisema. "Haya, niletee jora lingine."

Tangu siku hiyo, kila baada ya kuosha vyombo vya mchana, alikaa mezani akapitisha picha arobaini, hamsini. Majirani waliuliza Mama Andati anafanya nini na tarakilishi kila siku, akawajibu kuwa anachambua nyota. Wiki za kwanza alikosea, Winny akamsahihisha. Baadaye Winny ndiye alikuwa akimwuliza. Ayuma hakuwa na haraka. Alifuata alivyofundishwa: akalizoea giza la kawaida, nyota za kawaida, zile alama nne za miale zinazotoka kwenye nyota angavu kama msalaba, mpaka akili yake ikaacha kuzishangaa. Akaziachia picha zipite.

Mwezi wa tatu mwaka 2022, Jumanne, picha moja ilimsimamisha. Mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu, ukatafuta pedali.

Palikuwa na nyota moja angavu sana upande wa kushoto, yenye msalaba wake wa miale na wingu la mng'ao lililoizunguka. Ndani ya wingu lile, chini kidogo ya mwale wa kulia, palikuwa na doa. Halikuwa na ukingo. Lilikuwa refu kidogo kuliko upana wake, limenenepa katikati, hafifu kama alama inayobaki shuka likifuliwa mara tatu. Ukisogea karibu, hakuna kitu. Ukirudi nyuma, lipo.

Winny alipotoka shuleni alikuta chai haijapikwa.

"Tazama hapa."

"Sioni kitu, Senje. Ni mng'ao wa nyota tu."

"Simama kule mlangoni."

Winny akaenda mlangoni na viatu vyake vya kazi bado mguuni. Akainamisha kichwa kama alivyoelekezwa.

"Ehe," alisema. "Kuna kitu."

Mradi ule ulikuwa na ukurasa wa mazungumzo. Winny aliandika kwa niaba yake, akaweka na picha. Jibu likaja kesho yake kutoka kwa mtu mmoja aliyekuwa amefanya kazi hiyo miaka kumi: asante kwa kuangalia kwa makini, lakini hicho ni kivuli cha nuru ndani ya kamera yenyewe. Nyota angavu zina tabia ya kurudisha mwangaza kwenye lenzi na kuacha madoa ya uongo. Hakuna jambo hapo.

Winny alimsomea kwa upole, akitarajia kumfariji. Ayuma hakuonekana kama mtu anayehitaji kufarijiwa.

"Anasema ni uchafu wa taa," alisema.

"Ndiyo, kwa namna fulani."

"Inawezekana. Lakini amesogeza kitambaa?"

Winny hakuelewa. Ayuma akamweleza habari za Mzee Wakoli na kioo chake, na mwalimu wa fizikia akaketi polepole kwenye kiti. Kama doa ni la kamera, kamera ikielekezwa tofauti kidogo, doa litahama au litapotea. Kama ni la anga, litabaki palepale kando ya nyota zake hata picha ikipigwa mwaka mwingine, kwa darubini nyingine.

"Basi tafuta picha nyingine ya mahali hapohapo," Ayuma alisema. "Si zipo?"

Zilikuwepo, ila kuzipata si kazi ya siku moja. Winny alichimbua kwenye hazina za picha za miaka ya nyuma kila alipopata saa moja ya nafasi, na baada ya siku tisa akapata mbili. Moja ilipigwa miaka kumi na minne nyuma, na darubini nyingine kabisa. Alizipanga tatu kwa pamoja mbele ya shangazi yake. Katika zote tatu miale ya nyota ilielekea upande tofauti, na katika zote tatu doa lilikuwa palepale.

"La kitambaa," Ayuma alisema, akaenda kupika ugali.

Winny aliziweka picha zote tatu kwenye ukurasa wa mazungumzo. Yule mtu wa miaka kumi akajibu kwa maneno matatu tu, akiomba msamaha, akaipeleka habari kwa wataalamu. Kisha kimya. Miezi ikapita. Ayuma aliendelea na majora yake ya mchana na hakuulizia, kwa maana kiwandani pia alama ya chaki ukishaitia huifuati.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, simu ya Winny ililia kwa nambari ya nje. Aliyepiga alikuwa Daktari Munene, Mkenya anayefanya utafiti wa nyota katika chuo kikuu kimoja Afrika Kusini. Alimtaka mama aliyeona doa. Winny akaweka simu mezani, akafungua spika.

"Shikamoo mama," alisema Munene. "Pole tumechelewa. Darubini kubwa ina foleni kuliko hospitali. Lakini tumepata zamu yetu, na tumeipima ile nuru yako. Ni galaksi, mama. Iko mbali, kiasi cha miaka milioni hamsini na tano kwa mwendo wa nuru. Tumetafuta katika orodha zote tunazozijua, haimo."

Ayuma aliinama karibu na simu. "Kwani kompyuta zenu haziioni?"

"Kompyuta zimefundishwa kuruka mahali penye nyota angavu, kwa sababu ya huo mng'ao. Zinaruka kila mara. Wewe hukuruka."

"Mimi sikujua naruhusiwa kuruka."

Munene alicheka sana. Akamweleza kuwa galaksi ile ni ya aina isiyo na mikono na wala si mviringo mtupu, iko katikati ya hizo mbili. "Unajua kamande, mama, zile punje za mchuzi? Ukiiweka chembe moja kwa ubavu: bapa, halafu imevimba katikati. Ndivyo ilivyo. Hata hilo neno lenzi tunalolitumia, Warumi waliita kamande hivyo, na jina la aina hii ya galaksi limetoka hapohapo. Nyota zake karibu zote ni za zamani. Haizai mpya tena, ama inazaa kidogo sana."

"Lakini inang'aa."

"Inang'aa, mama. Kidogo, lakini bila kukoma."

Simu ilipokatika Ayuma alienda jikoni, akafungua kopo la kamande, akachukua chembe moja akaisimamisha kwa ubavu kati ya vidole viwili, akaipeleka dirishani. Alisimama pale akimshukuru Mungu kwa sauti ndogo, kisha akamshukuru Mzee Wakoli kwa jina, na daktari wa macho, na Winny akamsikia akijitaja na yeye mwenyewe.

Mtu wa kwanza aliyetaka kumpa habari alikuwa Mbinya. Kiwanda kilikuwa kimefunga milango wakati wa korona, na Mbinya alikuwa akikaa mtaa wa Tena na Wavinya, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, karani wa kampuni ya kupakia mizigo. Jumamosi Ayuma alivaa leso mojawapo ya zile mbili, akaenda. Wakamkaribisha kwa muthokoi, yale mahindi ya Wakamba yaliyokobolewa, na chai, akasimulia hadithi yote tangu mwanzo, akisimama kuonyesha alivyorudi nyuma, alivyoinamisha kichwa. Mbinya alipiga makofi, akapiga vigelegele, akamkumbatia.

"Mama Andati! Sisi wa meza ya kioo!"

Furaha ikampeleka Ayuma mbali kidogo. "Jicho hili, Mbinya, halijawahi kuniangusha. Hata mwaka ule wa mwisho nilipokuwa na ukungu. Hata jora moja halikurudi."

Mbinya aliinamia kikombe chake. Wavinya, aliyekuwa akikata matunda, akacheka bila kufikiri.

"Ai, Mathe, si ni yeye ulikuwa unamrudilia majora saa ya lanchi? Ulikuwa unakuja home na njaa mpaka—"

"Wavinya." Mbinya hakupaza sauti.

Kisu kikasimama juu ya papai. Wavinya alimtazama mama yake, akamtazama mgeni, akaelewa alichofanya, akachukua sahani akaenda jikoni.

"Anasema nini huyu?" Ayuma aliuliza.

Mbinya alikaa kwanza. "Nilikuona ukipanguza kioo," alisema. "Nikajua. Ukienda kula, mimi nilikuwa napitisha majora yako tena. Si yote. Yale ya rangi nyepesi, kwa sababu hayo ndiyo yalikuwa yanakupita."

"Mengi?"

"Mama Andati, yamepita hayo."

"Nimekuuliza, mengi?"

"Mengi."

"Miezi mingapi?"

"Minane."

Ayuma aliweka kikombe chini. Aliiona barua yake juu ya televisheni, ndani ya fremu. "Ungeniambia," alisema.

"Ningekuambia ungejisalimisha kwa msimamizi siku hiyohiyo. Nakujua. Ungeondoka bila kuagwa, baada ya miaka yote ile."

"Basi ulinidanganya. Na mimi nikasimama pale nikapigiwa makofi yako."

Alishukuru kwa chakula, maana hakulelewa kuondoka bila kushukuru, akachukua mkoba wake akaenda. Mbinya alimfuata hadi getini, Ayuma asigeuke.

Wiki nzima hakufungua tarakilishi. Aliiteremsha ile barua, akaiweka chini ya kitanda. Winny aliuliza, akaambiwa, akaenda kuosha vyombo, kwa kuwa alikuwa na akili. Siku ya sita Ayuma alikuwa akikunja nguo alipoanza kuhesabu. Saa ya chakula ilikuwa dakika arobaini. Kila siku ya kazi, kwa miezi minane. Mbinya wakati huo alikuwa na shinikizo la damu na dawa ya kumeza na chakula. Alisimama peke yake mbele ya meza ya mwenzake, kiwanda kizima kikiwa kantini, akikanyaga pedali, akitia chaki kwa mwandiko unaofanana na wa Ayuma ili mtu asitambue. Halafu saa nane akarudi kwenye meza yake na kuuliza habari za Andati kana kwamba hakuna kitu.

Ayuma alikaa kitandani na shati la Winny mikononi. Aliona kwamba kama angefukuzwa mwaka ule, kwa aibu, angejifungia nyumbani. Asingekubali kushikwa mkono na Winny kwenda mbele ya daktari yeyote na kusema haoni. Aliona pia kitu kingine kilichomchekesha peke yake: kwamba wanasayansi wamesifu jicho la mtu ambaye kwa miezi minane aliazimwa jicho.

Wiki mbili baadaye Munene alipiga tena. Makala ya utafiti ilikuwa tayari, na jina lake lingeandikwa miongoni mwa walioigundua galaksi ile, pamoja na Winny. Alitaka kujua lisomeke vipi.

"Ayuma Kweyu," alisema. "Sasa, mwanangu, karatasi hizo zenu zina mahali pa kusema asante?"

"Zina, mama. Mwishoni kabisa. Kuna sehemu inaitwa Shukrani."

"Nani huandikwa hapo?"

"Waliotusaidia. Walioendesha darubini, waliotoa fedha za utafiti."

"Naomba mstari mmoja hapo."

Munene akasema sawa, amwambie. Ayuma alikuwa ameshauandaa kichwani, akausema polepole, Winny akiandika kwa Kiingereza na kumsomea tena kwa Kiswahili mpaka akaridhika. Mstari mmoja ukawa mitatu. Munene aliahidi kwamba atautetea neno kwa neno, na wahariri walipouliza huyu aliyetajwa mwisho alihusikaje na galaksi, aliwajibu kuwa mama amesema anahusika.

Makala ilipotoka, Winny aliichapisha shuleni. Galaksi yenyewe ilikuwa imepewa jina refu la tarakimu, linaloonyesha ilipo angani, jina ambalo hakuna mama wa Lucky Summer angemwita mtu. Ayuma alilipita, akafungua ukurasa wa mwisho, akaukunja mara moja, akaenda mtaa wa Tena.

Mbinya ndiye aliyefungua mlango. Walitazamana. Ayuma akampa karatasi kabla ya salamu.

"Soma hapo chini."

Mbinya alitafuta miwani. Alisoma kwa sauti, pole kwa pole, kwa Kiingereza cha kiwandani, na Wavinya akaja kusimama mlangoni mwa jikoni kusikiliza. Waandishi waliwashukuru wahudumu wa darubini. Kisha: Ayuma Kweyu anamshukuru marehemu Mzee Wakoli, aliyemfundisha kutazama, na madaktari waliomrudishia macho, na Mbinya Ndeti, aliyetazama kwa niaba yake wakati yeye hakuweza.

Alipofika kwenye jina lake alilisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Hii inasomwa wapi?"

"Winny anasema dunia nzima. Popote wanapotazama nyota."

"Mwala hawataamini," Mbinya alisema, akaikunja tena karatasi ile.

Walikula. Hawakuzungumza tena habari za miezi minane. Walizungumza habari za magoti na bei ya makaa, na Wavinya, aliyekuwa na woga mwingi siku hiyo, akatulia alipoona mgeni ameomba kuongezwa mboga. Jua lilipoanza kushuka Mbinya alimsindikiza hadi stendi. Gari la kwanza likaja likajaa watu likaenda, wao wamesimama tu. La pili pia.

"Mbinya," Ayuma alisema. "Asante."

"Ya nini tena? Si umeshaandika?"

"Ile nimewaandikia watu. Hii ni yako."

Mbinya alimshika mkono, na walibaki wameshikana hivyo mpaka gari la tatu lilipofika, kondakta akaanza kuwaharakisha.